Kanuni za mitandao ya kijamii shuleni: tuandike nini?

Mwalimu_Langoni
Asalaam aleikum wadau. Bodi ya shule yetu ya kutwa hapa Lamu inataka rasimu ya kanuni za mitandao kabla ya muhula ujao. Zilizopo ni mstari mmoja: simu marufuku. Lakini ukurasa wa udaku wenye jina la shule hujazwa jioni, watoto wakiwa majumbani. Na mwalimu akiletewa simu yenye picha ya utupu ya mwanafunzi, afanyeje?

Dawati_Malindi
Aleikum salaam, maalim. Nianze na hilo la mwisho, ndipo shule nyingi huharibu. Picha hiyo haichunguzwi, hainakiliwi, wala haitumwi kwa mwalimu mkuu eti ni ushahidi. Kuwa nayo au kuisambaza ni kosa kwa Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018. Andikeni nani kaleta simu, saa ngapi, picha ilitoka akaunti gani. Simu izimwe, itiwe kwenye bahasha, watu wawili watie sahihi, ifike polisi siku hiyo hiyo. Skrinishoti ni za matusi na vitisho tu, zionyeshe jina la akaunti na tarehe.

Aliyepigwa picha asiadhibiwe. Akijua atafukuzwa hatasema, na anayemtisha ataendelea kumdai pesa au picha zaidi. Mpeni namba 116, simu ya bure ya watoto. Pia kuna Take It Down, huduma ya bure ya NCMEC, kituo cha Marekani cha watoto waliopotea na walionyanyaswa, kwa picha za walio chini ya miaka 18: hutengeneza alama ya picha ndani ya simu ya mtoto mwenyewe, na mitandao iliyojiunga huitumia kuitafuta na kuiondoa. Picha yenyewe haitumwi popote. Alama hutoka kwenye picha, kwa hiyo asiharakishe kuifuta kabla ya kuitengeneza.

Bi_Takwimu
Shule nayo ijichunge. Kifungu cha 33 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinataka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia data ya mtoto, na picha yake ni data. Septemba 2023 Kamishna wa Data aliitoza shule moja ya Uthiru, Nairobi, faini ya Sh4,550,000 kwa kuweka mtandaoni picha za wanafunzi bila ridhaa hiyo. Sentensi moja kwenye fomu ya kujiunga haitoshi. Ubao wa matangazo, Facebook ya shule na kundi la wazazi, kila kimoja kiwe na ndiyo au la yake, na mzazi aweze kubadili nia. Picha za zefe ya Maulidi chagueni za mbali, zisizo na majina. Jina kamili pamoja na nembo ya sare humwonyesha mtu baki lango la kumngojea mtoto.

Mwalimu_Langoni
Shukrani. Na makundi ya WhatsApp ya darasa?

Nidhamu_Mokowe
Yawe ya wazazi. Kundini kila mtu huona namba za wenzake, na namba ya msichana ikishatoka hairudi. Likibidi la wanafunzi, wawe wametimiza miaka 13, wasimamizi wawe watu wazima wawili, na mwalimu asimwandikie mwanafunzi faraghani hata kwa jambo la masomo.

Kuhusu ukurasa wa udaku, andikeni wazi kwamba kanuni zinafika nyumbani pale mtu wa shule anapodhuriwa. Ripotini ukurasa kwa mtandao wenyewe. Msiadhibu darasa zima kumtafuta mmoja. Kusoma jumbe za mtoto mbele ya gwaride ni kumdhalilisha, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 36, inakataza mateso ya mwili na ya akili. Tena mwanafunzi akilalamika mtandaoni kwamba vyoo havina maji, hilo si utovu wa nidhamu. Lisiingie kwenye orodha ya makosa.