Sweta la vifungo la mtoto, lenye michoro: akriliki, pamba au sufu?

Sindano_Mbili
Habarini wadau. Nataka kumfumia mtoto sweta la vifungo mbele, lenye michoro ya rangi kifuani na mikononi, yale ya nyota na maua. Nimezunguka madukani: akriliki imejaa, pamba ipo kidogo, na kuna mama mmoja ana uzi wa sufu kwa bei inayouma. Nichukue upi? Nanunua Jumamosi, na hela ni hiyo hiyo, hakuna ya kurudia.

FundiMakambako
Mleta mada, mtoto ana umri gani? Anaishi wapi? Unafuma kwa mkono au mashine? Umewahi kupeleka rangi mbili kwenye mstari mmoja? Hujasema hata kimoja, halafu unataka tukuchagulie uzi.

MamaPacha
Akriliki, tufunge mjadala. Mtoto anacheua, anamwaga uji, unafua kila siku. Unatupia kwenye beseni, unaanika, jioni limekauka. Hiyo sufu akiifua dada wa kazi kwa maji ya moto na kuisugua, unarudishiwa sweta la mwanasesere.

Bibi_Lushoto
MamaPacha, wanangu wamekua na sufu huku milimani na hakuna lililosinyaa. Maji ya baridi, unakamua kwa taulo bila kusokota, unalitandaza kivulini, basi. Akriliki mtoto akitoka jasho linabaki humo humo. Na nyumba ya jiko la mkaa, cheche ikirukia akriliki inayeyuka na kugandia ngozi. Sufu inaungua taratibu na mara nyingi inazima yenyewe. Hilo mbona hamlisemi?

MamaPacha
Bibi shikamoo. Mtoto mchanga karibu na jiko la mkaa anafanya nini lakini?

Bibi_Lushoto
Marahaba. Wewe unapikia wapi mwezi wa saba?

KinangopBaridi
Hapa kwetu sufu hatununui dukani, ghali bure. Enda mtumba, chagua sweta kubwa la mtu mzima, ufumue. Lakini angalia mshono wa ubavuni kwanza: kama kingo zimekatwa na kupigwa ovaloki, utatoka na vipande vipande tu. Lebo ikiwa imetoka, chomoa uzi kidogo uchome. Sufu inanuka nywele zilizoungua na majivu yake yanavunjika ukiyagusa. Akriliki inakuwa kijipira cheusi kigumu. Ukishafumua, zungushia kwenye mgongo wa kiti, loweka, ning'iniza mpaka makunyanzi yanyooke.

ZuhuraT
Naona mnabishana uzi wakati shida iko kwenye michoro. Nisikilizeni. Dada yangu alijifungua, nikamwagizia mtoto sweta kwa fundi mmoja mjini, jekundu na jeupe, miti ya pembetatu kifuani. Kwa nje, mashallah, kila mtu anauliza umelitoa wapi. Geuza ndani sasa! Pale mchoro unaporuka, ile rangi isiyotumika imeachwa inaning'inia nyuma, urefu wa kidole changu kizima. Tukimvalisha, kila mara kidole cha mtoto kinanasa humo mkononi. Siku moja akalia hadi tukadhani tumbo linamsumbua, kumbe uzi umejizungusha kwenye kidole cha kati, kimeshaanza kuwa cheusi. Tulikata kwa mkasi tukitetemeka. Tukalifua ili nilipeleke kwa fundi alirekebishe, nyekundu ikachuja, nyeupe yote ikawa waridi. Fundi kuulizwa: "Dada, hiyo ni rangi ya uzi, siyo yangu." Pesa hakurudisha.

FundiMakambako
Pole dada. Huyo hakujua kazi. Uzi wa nyuma unashikizwa kwenye mishono kila baada ya mishono mitatu au minne, na kwa mtoto mchanga unachagua mchoro mdogo mdogo ambao rangi hazikai mbali. Na rangi kali inapimwa kabla: lowesha kipande kwa maji ya vuguvugu yenye sabuni, kibane kwenye kitambaa cheupe, kiache kikauke. Kikitia doa, rudisha dukani.

Bergen_Mswahili
Nipo Norway, huku ndiko kwao na hayo masweta. Wanalifuma mviringo kama bomba, bila kugeuza, kwa sababu michoro inaonekana vizuri ukiwa upande wa nje muda wote. Wakimaliza wanapiga cherehani mistari miwili katikati ya kifua, wanakata kwa mkasi kati yake, wanaweka vifungo. Visiwa vya Shetland kule Scotland wanakata pia, na mtindo wao wa Fair Isle kwa desturi ni rangi mbili tu kwa mstari hata kama sweta zima lina rangi saba.

FundiMakambako
Kukata sweta kwa mkasi? Acha utani.

Bergen_Mswahili
Sufu ya asili inashikana yenyewe, mishono haikimbii. Ile iliyotengenezwa ifuliwe kwa mashine inateleza, na akriliki pia, ndiyo maana cherehani ni lazima.

MamaPacha
Watu wa ughaibuni bwana. Mleta mada yuko wapi?

Sindano_Mbili
Nipo, mtandao ulisumbua. Nafuma kwa mkono, masweta ya rangi moja nimeshafuma, rangi mbili bado. Mtoto ni wa mdogo wangu, ana miezi minne, wanaishi Dar es Salaam.

Mtu_wa_Pwani
Dar?! Sweta la sufu Dar? Mnataka kumchemsha mtoto?

MamaPacha
Kwani hujawaona watoto wa Dar saa saba mchana, sweta, kofia, soksi na blanketi juu?

Mtu_wa_Pwani
Nawaona, wametoka vipele shingo nzima. Bibi zetu ndio wanaoshikilia.

Bibi_Lushoto
Bibi wa wapi? Usitujumuishe.

Sindano_Mbili
Jamani, wanakuja Njombe mwezi wa sita, na mtakubaliana nami baridi ya huku.

FundiMakambako
Mwezi wa sita atakuwa ana ukubwa gani sasa? Fuma la mwaka mmoja, kifua cha mtoto ni kama sentimita 46, ongeza 5 za kupumulia. Na kwa kuwa rangi mbili hujawahi, michoro inabana, chukua sindano kubwa kidogo kwenye sehemu hiyo. Au fuma rangi moja, kisha nyota uzidarizi juu ya mishono kwa sindano ya kushonea. Nyuma hakuna uzi wa kunasa kidole.

ZuhuraT
Hiyo ya kudarizi naunga mkono.

Bibi_Lushoto
Kudarizi ni kudanganya. Na hamjamjibu: sufu.

MamaPacha
Pamba basi, tukutane katikati.

KinangopBaridi
Pamba ni nzito na ikivutika hairudi, ikilowa mikono inafika magotini. Sindano_Mbili, huyo mama wa sufu anauza gramu ngapi kwa shilingi ngapi?

Sindano_Mbili
Anauza kwa bonge, hapimi. Nimempigia tangu asubuhi hapokei.

Mtu_wa_Pwani
Samahani natoka nje ya mada, kuna mwenye kujua Kariakoo wapi napata vifungo vya mbao vidogo?