Kocha ana miaka 37 kavaa mkanda mwekundu na mweusi wa jiu-jitsu, hii imekaaje wakuu?

mgeni_wa_mkeka (mwanzisha uzi)

Habari za muda huu wakuu. Naombeni ushauri hasa nyie mnaofanya jiu-jitsu ya Kibrazili, sio karate sio kungfu, maana nikiuliza mtaani naambiwa we si uangalie tu kama unajua kupigana basi.

Iko hivi. Nipo Dar, nilianza mazoezi mwaka jana kwenye jimu moja huku pembezoni. Kocha ni mtu poa, anafundisha kwa uvumilivu, hakuna aliyeumizwa, hilo nampa maua yake. Shida ni mimi mwenyewe, nikipenda kitu nakichimba mpaka mizizi. Hawa mamasta wamenishika vibaya yani usiku silali naangalia mapambano ya zamani, Royce Gracie alivyochukua UFC ya kwanza kule Denver 1993 na wembamba wake ule amevaa gi lake jeupe, lile vazi la mazoezi, ndugu yake Rickson anavyokaa juu ya mtu kama kajengewa pale. Nikachora mti kwenye daftari, Maeda yule mwanajudo katoka Japani kafika Brazil 1914, kaenda kukaa Belém huko kaskazini, kamfundisha Carlos Gracie, Carlos na wadogo zake akina Hélio wakafungua chuo Rio 1925, ndo wakashuka akina Carlson, Rolls, Rickson na wengine wote. Nikasema ngoja na mimi nijue nakaa tawi gani.

Nikamuuliza kocha mkanda wako alikupa nani? Akacheka, akasema ipo siku nitawasimulia. Siku nyingine nikauliza tena mbele ya wenzangu, akabadilika sura kabisa, akasema mwanafunzi hamhoji mwalimu. Na mkanda wenyewe sio mweusi, ni ule wa vipande vyekundu na vyeusi. Umri wake naujua, tulimfanyia bethdei.

Sasa katangaza mwezi ujao mtihani wa mkanda wa bluu na kuna hela ya mtihani kila mtu alipe. Nilipe? Niondoke? Au mimi ndo sina adabu? Nawasilisha.

Tapu_Mapema

Mkuu chukua begi lako. Usirudi hata kufuata soksi.

kimono_kuukuu

Tapu_Mapema punguza presha, tumpe mtu hesabu kwanza aelewe mwenyewe.

Mleta mada, kwa kanuni za IBJJF ambalo ndo shirikisho kubwa linalofuatwa na wengi, mtu mzima anaanza mweupe, anaenda bluu, zambarau, kahawia, mweusi. Bluu unakaa sio chini ya miaka 2, zambarau mwaka na nusu, kahawia mwaka 1, na mweusi hupewi kabla hujafika miaka 19. Hiyo ni chini kabisa, kwa watu wa kawaida wenye kazi na familia kufika mweusi miaka kumi ni jambo la kawaida sana.

Ukishafika mweusi ndo safari inaanza upya, kwa ngazi zinazoitwa digrii. Digrii ya 1, ya 2 na ya 3 kila moja unasubiri miaka 3. Ya 4, ya 5 na ya 6 kila moja miaka 5. Jumla hapo ni 24 na bado kiunoni una mkanda mweusi. Ndipo unakaa miaka 7 mingine upate digrii ya 7, na hiyo sasa ndo mwekundu na mweusi aliouvaa kocha wako. Yani miaka 31 tangu upewe mweusi. 19 jumlisha 31 ni 50. Mtu wa miaka 37 angetakiwa apewe mweusi akiwa na miaka 6, muda huo bado anafundishwa kufunga kamba za viatu.

Baada ya hapo kuna mwekundu na mweupe, digrii ya 8, miaka 7 tena. Halafu mwekundu mtupu, digrii ya 9, miaka 10. Piga mahesabu, hauwezi kuwa chini ya 67. Digrii ya 10 wewe na mimi hatuipati hata tuishi miaka mia mbili, iliachwa kwa wale ndugu watano waliotangulia, Carlos, Oswaldo, Gastão, George na Hélio. Ukiona mzee kavaa mwekundu hapo unaangalia maisha mazima ya mtu, ndo maana hata mabingwa wa dunia wakikutana na hao wazee wanainama.

Kuhusu mtihani wa kulipia, sehemu nyingi hamna hata mtihani. Mwalimu anakuangalia miezi na miaka, siku moja bila kutarajia anakuita mbele anakufunga mkanda. Kuna timu zinazofanya mtihani na zina heshima zao sawa, ila mtu asiyetaja mwalimu wake anapokusanya hela ya mikanda, hapo mimi nafunga pochi.

BinSuleiman_AD

Assalam aleikum wote. Mimi wa Mombasa, niko Abu Dhabi kikazi na huku hii kitu iko mpaka mashuleni, tangu 2008 watoto wanafundishwa, wameletwa waalimu wengi sana kutoka Brazil. Mwalimu wangu ukimuuliza nani alimpa mkanda anakutajia bila kuvuta pumzi, huyu kapewa na fulani, fulani kapewa na fulani, mpaka kwa Carlos mpaka kwa Maeda. Sisi watu wa pwani twalijua hili wallahi, ni kama silsila na ijaza za mashekhe wetu. Mtu akikaa kufundisha kitabu haoni haya kuulizwa umekisoma kwa nani, tena yeye mwenyewe aanza darsa kwa kumtaja mwalimu wake na kumuombea. Anayekasirika kuulizwa ndiye wa kutiliwa shaka.

Ndugu yangu hukukosa adabu. Labda ile ya kumuuliza mbele ya watu, hapo ungemsitiri.

nguvu_kwanza

Nyie watu mnapenda majina. Ukoo haukabi mtu shingo. Kama jamaa anakufundisha na ukiroli, yani ukipambana mazoezini, na wenzako unaona umekua, mambo ya Gracie sijui nani yanakuhusu nini? Hao Gracie wenyewe ni wafanyabiashara wazuri tu, walijitangaza kuliko wote ndo maana mnadhani jiu-jitsu yote ni yao.

kimono_kuukuu

nguvu_kwanza hapo mwisho umegusa kitu japo umegusa kwa hasira.

Ni kweli sio yote ya Gracie. Maeda alikuwa na mwanafunzi mwingine, Luiz França, huyo akamfundisha Oswaldo Fadda. Na Fadda ndo mtu ninayempenda kuliko wote kwenye hii historia, niacheni niseme. Alikuwa Bento Ribeiro, kitongoji cha watu wa kawaida huko Rio, wakati chuo cha Gracie kiko katikati ya mji na kinalipiwa na wenye nazo. Fadda alifundisha watu wasio na kitu, bure kabisa, hata viwanjani. Miaka ya 1950 akawapeleka vijana wake wakapambane na chuo cha Gracie, wakashinda, na silaha yao kubwa ilikuwa loki za miguu, yani kukunja mguu wa mtu mpaka asalimu amri, ambazo wakubwa walikuwa wanazidharau, wanasema mbinu za watu wa uswahilini. Tawi lake halijafa, Wendell Alexander aliyeanzisha timu ya Nova União pamoja na André Pederneiras ametoka upande huo wa Fadda.

Sasa ona, nimekupa hoja ya kuwapinga Gracie na nimeipata wapi? Kwenye kufuatilia ukoo huohuo unaosema haukabi mtu. Bila watu kuandika nani kamfundisha nani Fadda angeshasahaulika na matangazo yangebaki peke yake.

nguvu_kwanza

Sawa hiyo ya Fadda nimeipenda. Msimamo wangu uko palepale.

mama_wa_gadi

Naomba niingie na mimi, mkanda kahawia hapa, watoto wawili, bado nakaba.

Mdogo wangu mleta mada, usimfanye kocha adui kabla hujajua. Mfuate peke yake baada ya mazoezi, mwambie kocha nataka nijue historia yetu, sisi tumetoka kwa nani. Usimuulize ule mkanda. Muulize mwalimu wake. Mtu mwenye mwalimu atafurahi kuulizwa hilo swali.

Halafu ni nadra kusikia mtu anataja wanawake kwenye hizi nyuzi. Yvone Duarte alipewa mkanda mweusi 1990, anatambulika kuwa mwanamke wa kwanza. Mwekundu na mweusi aliufikia 2021. Toa hapo, miaka 31! Sawasawa na hesabu ya kimono_kuukuu, hakurushiwa hata mwezi. Kwa hiyo mtu akiuvaa tu kwa kuununua dukani mimi naumia, kiukweli naumia.

Ippon_Mwanza

Jamani mimi ni wa judo, msinipige. Kabla hamjamnyonga huyo kocha kumbukeni jiu-jitsu sio ya Brazil peke yake. Kuna jujutsu za Kijapani na mitindo mingine kibao na kila mmoja una mikanda yake na kanuni zake. Kwetu judo mwekundu na mweupe unaanzia dan ya 6 (dan ni kama digrii zenu), hesabu zake sio kama zenu. Na taekwondo mkanda nusu mwekundu nusu mweusi ni wa watoto ambao hawajafika miaka 15 🤣 Kwa hiyo inawezekana rangi ni halali huko alikotoka, shida inakuja pale anapoandika mlangoni Brazilian Jiu-Jitsu halafu anavaa rangi za kwingine.

Na msisahau mzizi wenyewe, Maeda alikuwa mtu wa Kodokan, chuo cha judo cha Kano mwanzilishi wa judo. Tena Oktoba 1951 pale uwanja wa Maracanã, Rio, Kimura wetu mwanajudo Mjapani alimvunja mkono Hélio na Hélio hakugonga kukubali kushindwa, ilibidi Carlos ndo asimamishe pambano. Loki ile mnaiita kimura mpaka leo, mmemuenzi aliyewapiga. Hapo nawavulia kofia.

Tapu_Mapema

Ippon_Mwanza kila uzi lazima ulete Maracanã 😂

mgeni_wa_mkeka

Wakuu nimerudi. Nimefuata ya mama_wa_gadi, nikambakisha baada ya mazoezi, nikamuuliza mwalimu wake ni nani. Akakaa kimya kidogo halafu akafunguka. Ule mkanda ni wa mtindo mwingine wa jujutsu, alipewa na chama chao huko alikosomea. Jiu-jitsu ya Kibrazili yeye ni bluu, aliipata akiwa nje kikazi kwa Mbrazili mmoja, na huyo Mbrazili akamtaja jina na aliyempa mkanda, nimefuatilia nimekuta ni mtu wa kweli, mkanda mweusi. Sasa kwanini avae ule mwingine, anasema watu wakija wakakuta kocha ana mkanda wa bluu wanaondoka siku hiyohiyo, hawaelewi.

Sijui nimuonee huruma au nikasirike. Mnasemaje?

mama_wa_gadi

Mimi namuonea huruma na namkasirikia, vyote kwa pamoja.

Bluu kufundisha wanaoanza sio dhambi, sehemu zisizo na mikanda myeusi karibu ndo jiu-jitsu inavyoanza. Unajua Hélio mwenyewe uzeeni, na digrii yake ya 10, alikuwa anavaa mkanda wa bluu iliyokoza? Ndo rangi ya mwalimu ya enzi zao kabla ya utaratibu wa rangi wa 1967, na alikuwa hafurahii jinsi mikanda ilivyogeuka biashara. Mwambie kocha wako hiyo. Avae bluu yake iliyo halali, aning'inize picha ya mwalimu wake ukutani, watakaoondoka waondoke.

kimono_kuukuu

Naungana nae. Ila bluu hampi mtu bluu, kwa hiyo hela ya mtihani usilipe. Mpendekezeeni amuandikie yule Mbrazili wake, aidha aje mara moja awapime au awaunganishe na mwenye mkanda mweusi aliye karibu, Nairobi kwa mfano hawakosekani. Hiyo hela ya mtihani changeni iwe nauli ya mgeni, atawafundisha siku mbili tatu na anayestahili atafungwa mkanda mbele ya wenzake. Nyie mkitoka hapo mna tawi lenu kwenye lile daftari.

Na ukitaka kuhakiki mtu yeyote wa mkanda mweusi, IBJJF wana orodha kwenye tovuti yao, ingawa sio wote wamejisajili, kukosekana jina sio ushahidi kwamba ni tapeli. Dawa ni kumuuliza aliyempa.

nguvu_kwanza

Mi nilisema kocha yuko sawa mkanipiga mawe.

Tapu_Mapema

Hukusema yuko sawa, ulisema ukoo haukabi. Soma juu.

mgeni_wa_mkeka

Asanteni sana wakuu, wazo la nauli nalipeleka kwenye grupu leo jioni, wenzangu wanne washakubali tayari. Swali dogo la mwisho, eti mkanda haufuliwi? Kuna jamaa jimu anasema ukifua unaondoa ujuzi, wa kwake unatembea wenyewe sasa hivi.

mama_wa_gadi

Fua huo mkanda! Fangasi haina digrii.