Sanamu ya ufukweni: vitu vya kuokota, chuma, au kalibu ya mwamba?

Mkono wa Udongo
Salaam, wanajukwaa. Nakusudia kutengeneza sanamu itakayozaliwa na ufuko mmoja wa miamba, si sanamu ya kupachikwa tu mahali penye mandhari nzuri. Nimebaki na njia tatu: kupanga mawe na magogo yaliyosukumwa na mawimbi, kisha kuiachia bahari iyachukue, kusimika chuma juu ya mwamba, au kuchukua alama za uso wa mwamba kwa kalibu na kuimalizia kazi karakanani. Naomba ulinganisho kutoka kwa waliojaribu.

Jiwe Juu ya Jiwe
Mimi ni wa njia ya kwanza, na sijajuta. Mwaka jana, maji yalipokuwa yamekupwa, nilipanga mawe bapa bila saruji hadi kimo cha kiuno. Maji yaliporejea, wimbi la kwanza halikuyaangusha. Lilipenya kati ya mawe na kutoka kwa sauti kama ya mtu anayesukutua, kisha jiwe la chini likageuka taratibu na mengine yakalifuata. Kwangu mimi, sauti ile ndiyo iliyokuwa sanamu. Nakusihi tu usichukue jiwe lenye viumbe chini yake.

Fundi Kulehemu
Ndugu Jiwe, kazi yako naiheshimu, lakini chuma nacho kinaweza kuisikiliza bahari. Mchongaji Eduardo Chillida alifunga vipande vitatu vya chuma kwenye miamba ya San Sebastián, Hispania, kila kimoja kikiwa na uzito wa tani 10 hivi, na kazi ilikamilika mwaka 1977. Uwanja wa hapo, uliosanifiwa na Luis Peña Ganchegui, una matundu yanayorusha hewa na maji bahari inapochafuka, kwa hiyo mtazamaji huusikia mwamba ukipumua chini ya miguu yake. Ukichagua chuma cha pua, chukua cha daraja la 316, kwa kuwa kina molibdeni na huhimili chumvi kuliko cha 304. Zege yenye nondo iogope: chumvi ikifika ndani, nondo hushika kutu, hutanuka na kuipasua zege.

Mwani
Kuhusu kalibu, alginati, ambayo hutokana na mwani wa kahawia, hunasa hata mikwaruzo midogo, ila husinyaa inapokauka, kwa hiyo plasta imiminwe mara moja. Udongo wa mfinyanzi uliokandamizwa kwenye ufa ni rahisi zaidi. Hata hivyo, naiona njia hii kuwa dhaifu kazi isiporudishwa ufukweni.

Bamvua
Naomba turudi nyuma kidogo, kwa sababu tunabishania malighafi kabla ya kujua sanamu itakaa kimo gani. Sanamu 100 za chuma za Antony Gormley katika ufuko wa Crosby, Uingereza, zilitokana na kalibu 17 za mwili wake mwenyewe, lakini leo zile zilizo karibu na maji zimevaa viumbe vya bahari, ilhali za juu zimebaki na kutu yake. Umbo ni moja, ngozi ni mbili, na aliyeitengeneza tofauti hiyo ni maji. Nenda na fimbo yenye alama wakati wa bamvua, maji yanapopanda juu kabisa, urudi wakati wa maji mafu, yanapopanda kidogo tu, ndipo uchague.

Mkono wa Udongo
Ahsanteni sana. Nimekwenda mara zote mbili. Pale nilipotaka kusimika chuma, bamvua ilipanda hadi begani mwangu, na wakati wa maji mafu mwamba ulikuwa mkavu kiasi cha kuona chumvi imeganda kwenye nyufa. Nimeacha chuma. Nimekandamiza udongo katika ufa mrefu kuliko zote, nao umetoka na umbo kama la uti wa mgongo. Nitalichonga kwa mawe ya palepale, nililaze ufukweni kati ya alama zile mbili bila kulifunga. Ndugu Jiwe, vipande vya chini niviweke bapa, au vyenye mgongo?

Jiwe Juu ya Jiwe
Vyenye mgongo, na mgongo uelekee baharini.