Kriketi Dodoma: watazamaji wanazidi kupungua, tuanzie wapi kuwarudisha uwanjani?

Kizota_Ova20 (mleta mada)
Wakuu, habari za muda huu. Naomba ushauri kwa wanaojua kuandaa mechi, hasa za kriketi. Ligi yetu ndogo hapa Dodoma inachezwa Jumamosi na Jumapili kwenye kiwanja cha wazi. Pichi (ukanda wa katikati wa kutupia na kupigia) ni mkeka juu ya zege, ova 20 kila upande (ova moja ni mipira sita), kuanza saa 4 asubuhi. Kiingilio hakuna. Zamani wanachuo na majirani walikuwa wanajaa, sasa mpira wa kwanza unarushwa wakiwepo wachezaji wa akiba na watoto wanaochunga mbuzi. Vijana wetu wa chini ya miaka 19 walifuzu Kombe la Dunia la 2026 kule Zimbabwe na Namibia, mara ya kwanza kwa Tanzania, nikadhani hilo lingevuta watu. Wapi! Kamati inataka hela kidogo iliyopo imlete msanii na kuchapisha fulana. Mimi nina wasiwasi kama tatizo ni burudani.

Guu_Mbele_ya_Wiketi
Mkuu, fulana weka pembeni. Jibu hili kwanza: mtu akiingia ova ya 12, anajuaje nani anaongoza? Kwenye soka anamuuliza jirani, anaambiwa moja bila, basi, ameshaingia mchezoni. Kriketi bila ubao wa matokeo ni watu wamevaa sare wamesimama juani. Viwanja vingi vya mikoani alama ziko kwenye daftari la mezani tu, na siku hizi mwandika alama anaziingiza kwenye simu, kwa hiyo aliyeko Dar anajua matokeo na aliyekaa mita 60 kutoka kwenye pichi hajui.

Tengeneza ubao. Plaiwudi moja ya futi 8 kwa 4, rangi nyeusi isiyong'aa, miguu miwili ya mbao yenye mihimili ya nyuma. Namba ziwe na urefu wa sentimita 30, hapo zinasomeka hata mita 80. Mistari miwili inatosha. Wa juu: jumla ya mikimbio, yaani alama (nafasi 3), na wiketi, yaani wapigaji waliotolewa (1). Wa chini: ova zilizotupwa (2) na lengo (3). Jumla nafasi 9, kila moja na msumari wake. Kata vipande 40 vya bati, vinne kwa kila namba kuanzia 0 hadi 9, toboa tundu moja juu. Ukitoboa moja tu upepo unavizungusha, kwa hiyo pigilia ubapa wa mbao chini yake uvishike.

Kosa linaloua ubao ni kumpa kazi hiyo mchezaji anayesubiri zamu. Zamu ikifika anaondoka, ubao unabaki na namba za ova ya 7 mpaka mwisho. Tafuta kijana asiyecheza, akae karibu na meza ya alama, abadilishe kila ova ikiisha na papo hapo wiketi ikianguka.

Ipagala_Juu
Timu ya pili ikiwa inapiga, ongeza kibao kidogo cha kuandika kwa chaki: "ZINAHITAJIKA 43, MIPIRA 30". Hicho ndicho kinachomzuia mtu kuondoka.

Saa_Kumi_Kamili
Saa 4 asubuhi ndiyo inayowamaliza. Jumapili watu wako kanisani, Jumamosi wako sokoni au wanafua. Halafu piga hesabu: ova 20 kwa kanuni za kimataifa ni dakika 85 kila upande, na mapumziko ya dakika 20 yanakuwa saa 3 na dakika 10. Ukianza saa 4 unamaliza saa 7:10 mchana, jua la utosi. Hiyo ni kama mnaheshimu muda, na ligi za mtaani haziheshimu, mnafika saa 8.

Waingereza, wenye mchezo wao, walikwama hapo hapo. Mwaka 2003 walianzisha mashindano ya ova 20 kwa sababu watu walikuwa hawaji kwenye mechi ndefu za klabu zao, na mwaka 2021 wakapunguza tena, wakaleta mechi za mipira 100 kila upande. Nyie chezeni ova 10. Dakika 45 kila upande, mapumziko 10, jumla dakika 100. Anza saa 10:00 jioni, saa 11:40 mmemaliza na bado mpira unaonekana. Kila mtupaji asizidi ova 2. Ova 20 zibaki kwa nusu fainali na fainali.

Muda unapotelea sehemu tatu. Ya kwanza ni mpira kupotea vichakani: mwamuzi awe na mipira minne iliyochakaa kwa kiwango kinachofanana, utafutaji usizidi dakika mbili. Ya pili ni mpigaji mpya anayeanza kufunga pedi (kinga za miguu) baada ya mwenzake kutoka. Akae tayari amevaa, kwenye mechi za kimataifa za ova 20 anapewa sekunde 90 tu awe tayari kupokea mpira, akichelewa anaweza kutolewa. Ya tatu ni kapteni kupanga wadakaji kama anapanga wageni wa harusi. Kanuni ya kimataifa ina dawa yake: timu ikichelewesha ova, mdakaji mmoja kati ya walioko nje ya duara la yadi 30 linalozunguka pichi anarudishwa ndani kwa ova zilizobaki. Itumieni, hawatarudia.

Mwana_Makulu
Hapo saa 10 nina pingamizi dogo. Msimu wa IPL (ligi kuu ya kriketi ya India), Machi mpaka Mei, mechi za usiku kwao India zinaanza saa 1:30, ambayo kwetu ni saa 11 jioni. Wapenzi wa kriketi mjini hapa wako mbele ya luninga. Miezi hiyo anzeni saa 9 ili saa 10:40 muwaachie. Na kabla ya kupanga ratiba angalieni lini Dodoma Jiji wako nyumbani pale Jamhuri. Siku ya Simba na Yanga msihangaike kabisa, hata wachezaji wenu hawatakuja.

Kivuli_cha_Mbuyu
Saa 10 sawa, ila watu watakaa wapi? Naona wengi mnaongelea ratiba na hakuna aliyegusa jua. Pichi kwa kawaida inaelekea kaskazini na kusini ili jua la jioni lisimpige mpigaji machoni. Maana yake upande mzuri wa kukaa ni magharibi, jua likiwa mgongoni. Mti mlionao, kama uko mashariki, mnawakalisha watu wakitazama jua. Siyo ajabu wamehama.

Mahema yakikaa magharibi, kumbuka kivuli cha jioni kinaangukia mbele, kuelekea uwanjani. Sogezeni viti mbele kadiri jua linavyoshuka, vinginevyo saa 11 mstari wa nyuma wote uko juani.

Guu_Mbele_ya_Wiketi
Na upepo? Kuanzia Juni huku upepo unatoka mashariki na kusini mashariki. Magharibi ndiko vumbi lote la uwanja linakokwenda.

Kivuli_cha_Mbuyu
Kweli kabisa, na hakuna upande usio na kasoro, ila vumbi linapungua kwa maji na jua halipungui kwa lolote. Mwageni maji jioni ya siku iliyotangulia na tena saa 8 mchana, kwenye ukanda wa mbele ya viti na njia za kukimbilia watupaji. Mkeka wenyewe msiuloweshe, mpira unateleza na mtu anavunjika.

Nyuma ya hema msifunge turubai, upepo ukiingia kwa mbele linakuwa tanga la jahazi. Fungeni neti ya kivuli, ile ya kijani ya vitalu vya miche, inapitisha upepo na inazuia jua linaloingia chini. Kiangazi ardhi ya Dodoma haipokei vigingi, kwa hiyo kila mguu wa hema ufungwe kwenye kiroba cha mchanga kilichojaa. Na watu wasikae nyuma ya ncha za pichi kama hamna kitambaa cha kuwakinga. Mpigaji akiona shati linatembea nyuma ya mkono wa mtupaji haoni mpira.

Kizota_Ova20 (mleta mada)
Asanteni sana wakuu. Mti uko mashariki kweli. Msanii basi tunaachana naye? Na je, nikiwasogeza watu karibu hivyo, usalama?

Saa_Kumi_Kamili
Msanii hapana, mshereheshaji ndiyo, na awe anaujua mchezo. Kazi yake: nani anapiga, nani anatupa, kilichotokea, kinachohitajika. Aongee mpira ukiwa umekufa, yaani mchezo umesimama, anyamaze mtupaji akianza kukimbia. Mtu akitolewa kwa mguu mbele ya wiketi, aeleze kwa sentensi moja kwamba mwamuzi ameona mpira ungegonga vijiti kama mguu usingeuzuia. Spika ziwekwe upande wa mashariki ili upepo uilete sauti kwa watu.

Mwana_Makulu
Angalia pia kalenda ya vyuo. Kiwanja kinakuwa kizuri kiangazi, lakini kuanzia Julai au Agosti wanachuo wengi wameondoka mpaka Oktoba au Novemba. Na tangu treni ya SGR ianze 2024, Ijumaa jioni watumishi nao wanashuka Dar. Mechi kubwa ziweke Mei na Juni, Jumamosi, ratiba ya mwezi mzima itoke mapema na isibadilishwe kwa ujumbe wa WhatsApp usiku wa kuamkia mechi. Mtu akija mara moja akakuta hakuna mechi, humpati tena.

Guu_Mbele_ya_Wiketi
Usalama: mpira wa wanaume una gramu 156 hadi 163 na ni mgumu. Kiwango cha chini cha kimataifa cha mpaka ni yadi 65, kama mita 59 na nusu kutoka katikati ya pichi. Kama wa kwenu uko mbali zaidi, urudisheni hapo kwa kamba: kwenye mchanga mpira unafia njiani, nne (mikimbio ya mpira uliobingirika hadi mpakani) hazionekani, watu wanasinzia. Kanuni inataka angalau yadi 3 kati ya kamba na kizuizi chochote, lakini kwa watazamaji wageni acheni mita 8. Watoto mstari wa nyuma, na mtu mmoja wa kupiga kelele "mpira!" ukiwa hewani. Mama lishe na muuza karanga wakae nyuma ya mahema, wasipite mbele.

Wakati wa mapumziko fungua uwanja, watoto waingie na mpira wa tenisi na gongo la kupigia la mbao laini. Pichi izungushie kamba kwanza, maana viatu vyao vitakung'olea misumari ya mkeka.

Ipagala_Juu
Na choo cha wanawake mkuu. Hata cha kukodi, kiwe na maji na mlango unaofungwa kwa ndani. Kina mama wakiondoka ova ya tano, wanaondoka na watoto wote.