Mrejesho: Leseni za programu zilizobaki ofisini

Ndugu zangu, mwezi uliopita niliuliza kama ofisi yetu hapa Hamburg inaweza kuuza leseni 5 za programu ya uhasibu zilizobaki baada ya wenzetu kuondoka. Nawashukuru sana, hasa aliyenielekeza kwenye hukumu ya Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2012, kati ya UsedSoft, kampuni ya kuuza leseni zilizokwisha tumika, na Oracle, kampuni ya kutengeneza programu, inayoruhusu kuuza leseni ya kudumu mradi muuzaji afute nakala yake. Leseni 3 zilizonunuliwa mojamoja nimeziuza, baada ya kufuta programu kwenye kila kompyuta na kumkabidhi mnunuzi risiti za awali. Mbili zilikuwa sehemu ya leseni moja ya watumiaji 10, ambayo hukumu hiyo hairuhusu kuigawa. Mnunuzi alizitaka kwa dhati, lakini nilikataa.