Mjadala: Uchumi na fedha katika shahada moja, je, tuwashauri vijana wa kidato cha sita waichukue?

Mwanzisha mada

Wadau, salaam. Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, kila nyumba yenye mhitimu inageuka ofisi ya udahili. Swali linalonifikia zaidi ni la vijana wa EGM (uchumi, jiografia na hisabati), HGE (historia, jiografia na uchumi) na ECA (uchumi, biashara na uhasibu): asome uchumi, asome fedha, au achukue ile shahada inayobeba vyote viwili, kama ile ya IFM, Chuo cha Usimamizi wa Fedha? Jibu la mtaani ni jepesi: changanya, ukikosa kazi huku utapata kule. Naomba tulijadili, kwa sababu kijana anatoa miaka mitatu na kubeba deni kwa kulitegemea jibu hilo.

Mimi nilisoma uchumi, na kazi yangu sasa ni kununua na kuuza hatifungani, yaani hati za mkopo ambazo serikali au kampuni huwauzia wawekezaji, kwa niaba ya wateja. Naunga mkono mchanganyiko huu, tena kwa nguvu. Ila hiyo sababu ya "utapata kule" siikubali hata kidogo. Anayechagua hivyo hajachagua fani, amechagua jina refu la cheti.

Chukueni jambo lililo mbele yetu wote. Januari 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilianza kuendesha sera ya fedha kwa kutumia riba yake elekezi, ikaiweka kwenye asilimia 5.5. Aprili mwaka huo ikaipandisha hadi 6, na Julai 2025 ikaishusha hadi 5.75. Muda wote huo riba ya mikopo ya mabenki imekuwa ikizunguka kwenye asilimia 15 hivi. Sasa mfanyabiashara wa Kariakoo anauliza: mbona kule juu inatajwa 5.75 na mimi natozwa 15 na zaidi? Nani atamjibu?

Aliyesoma uchumi mtupu atamweleza namna uamuzi wa Benki Kuu unavyopita kwenye mabenki mpaka umfikie mkopaji, na jinsi serikali nayo inavyokopa kwenye soko hilo hilo. Aliyesoma fedha tupu atampigia hesabu ya gharama ya amana, mikopo chechefu (isiyolipwa kwa wakati) na thamani ya dhamana yake. Kila mmoja ana nusu ya jibu. Jibu lenyewe linapatikana pale nusu hizo zinapokutana: benki ikiweza kuikopesha serikali kwa riba inayozidi asilimia 10, bila kumfuata mtu kwa marejesho, haioni sababu ya kumpa muuza vitenge kwa riba inayokaribia hiyo. Ataongezewa hatari yake, gharama ya kumfuatilia, na hasara ya wale waliokopa wakatoweka. Huwezi kulielewa jambo hili ukiwa umefunga jicho moja.

Na ugomvi wa kuzitenganisha fani hizi ni wa zamani. Miaka ya 1950 Harry Markowitz alitetea tasnifu yake ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Chicago, iliyohusu namna ya kugawa uwekezaji ili hatari ipungue. Mchumi maarufu Milton Friedman alimbana akisema kazi ile si uchumi. Mwaka 1990 Markowitz akapewa Nobel ya uchumi, kwa kazi hiyo hiyo.

Shaka yangu iko kwingine. Shahada hii inasimama kwa hesabu na takwimu. Chuo kikizilegeza ili darasa lijae, kijana anatoka na majina mawili kwenye cheti na ujuzi hana hata mmoja. Karibuni, na asiyekubaliana nami aseme wazi.

Mhasibu, Arusha

Mkuu, hoja yako ni nzuri lakini umeiandika kama mtu ambaye tayari ana kazi. Tuongee na yule ambaye hana. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato, TRA, ilitangaza nafasi 1,596 na walioomba walizidi 135,000. Kwenye foleni kama hiyo hakuna anayekuuliza kwa nini riba ni 15. Wanaangalia kwanza kama shahada yako imetajwa kwenye tangazo.

Mtoto wa familia isiyo na mtu wa kumshika mkono anahitaji fani yenye bodi. Uhasibu una NBAA, bodi ya taifa ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu, una mitihani inayojulikana, na ukishapata CPA, cheti cha mhasibu aliyethibitishwa, unaheshimika Bukoba na unaheshimika Mtwara. Mwenye shahada ya uhasibu akienda NBAA anaruka ngazi za chini. Huyu wako wa uchumi na fedha anaweza kuambiwa aanzie nyuma, wakati mwenzake waliyemaliza wote ameshasogea. Uchumi hauna bodi. Mtu yeyote anaweza kusimama redioni akajiita mchumi, na hakuna wa kumzuia. Mimi wadogo zangu nawaambia uhasibu, na sioni cha kuomba radhi.

Mwanafunzi, mwaka wa tatu

Shikamooni wakubwa. Naisoma shahada hiyo mnayoibishania, chuo sitakitaja.

Yote mliyosema ni kweli kwa kiasi fulani, ila hamjasema kinachotukuta darasani. Tumefundishwa mikataba ya kununua au kuuza hisa siku za mbele kwa bei iliyokubaliwa leo, kwa mifano ya masoko ya Marekani. Tumekariri fomula tukafaulu. Lakini mpaka leo hakuna kipindi hata kimoja ambacho mwalimu alifungua matokeo ya mnada wa hatifungani wa Benki Kuu akatuuliza kwa nini watu wameomba nyingi kuliko zilizotolewa. Na matokeo yale yapo wazi kwenye tovuti, mtu yeyote anayasoma. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza biashara Aprili 1998, kabla wengi wetu hatujazaliwa, na kuna wenzangu watamaliza chuo hawajawahi kusoma hesabu za mwaka za benki za CRDB wala NMB, ambazo zote zimeorodheshwa pale.

Upande wa uchumi ndiko sapu, mitihani ya marudio, zinakomwagika. Ekonometriki, yaani kupima mambo ya uchumi kwa takwimu, imewafanya watu wengi wakeri, warudie somo mwaka unaofuata. Aliyetoka HGE na BAM (hisabati ya msingi ya kidato cha sita) ya kupita tu anafika mwaka wa pili anakutana na matrisi, anaanza kutafuta maswali ya miaka iliyopita badala ya kusoma. Hatumlaumu, hakuna aliyemwambia mapema kwamba kozi hii ni ya hesabu.

Mzazi, Morogoro

Samahanini, mimi sikusoma hayo. Binti yangu amepata EGM nzuri na anataka hiyo ya uchumi na fedha. Mkopo tutaomba HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, kwa sababu uwezo hatuna. Nimeambiwa akipata kazi atakatwa asilimia 15 ya mshahara kila mwezi mpaka deni liishe. Sitaki akatwe kwa kitu kisichomsaidia. Nisaidieni kwa lugha ya kawaida, nimwache au nimzuie?

Mwalimu wa chuo, Dodoma

Nafundisha uchumi, na naomba nipingane na mwanzisha mada kwa heshima. Miaka mitatu haitoshi kwa fani mbili. Ukiondoa stadi za mawasiliano, kompyuta, mafunzo kwa vitendo na masomo mengine ya lazima, muda unaobaki ni mdogo. Ukiugawa mara mbili, kitu cha kwanza kuondoka ni historia ya uchumi. Cha pili ni uchumi wa maendeleo. Kijana anabaki na nadharia ya bei na fomula za thamani ya fedha, wala hajui kwa nini viwanda vya nchi yake vilikufa miaka ya 1980.

Novemba 2008 Malkia Elizabeth alitembelea London School of Economics akawauliza wachumi kwa nini hakuna aliyeliona lile anguko la fedha likija. Swali lile liliwauma. Wengi wa waliokuwa wakipima hatari kwenye mabenki makubwa walizijua fomula vizuri sana. Walichokosa ni upana, yaani kuangalia mfumo mzima na kukumbuka kwamba mabenki yalishawahi kuanguka kabla. Ushauri wangu: shahada ya kwanza asome uchumi kwa kina. Fedha aifuate kwenye shahada ya pili au kwenye mitihani ya kitaaluma kama CFA, ile ya wachambuzi wa uwekezaji, akiwa ameshajua anakwenda kufanya nini.

Mwanzisha mada

Mwalimu, nakushukuru, na kuhusu historia ya uchumi niko upande wako kabisa. Lakini anguko la 2008 mimi nalisoma kinyume chako. Wachumi wengi wa wakati ule walikuwa na vielelezo vya uchumi wa taifa ambavyo ndani yake benki haipo, kana kwamba pesa inajipeleka yenyewe kwa mkopaji. Na kazi ya wachumi Diamond na Dybvig kuhusu kwa nini watu hukimbilia benki kutoa amana zao ilikuwepo tangu 1983. Wamekuja kupewa Nobel mwaka 2022 pamoja na Bernanke, aliyewahi kuiongoza Benki Kuu ya Marekani. Elimu ya kuiona hatari ilikuwepo, ila ilikaa chumba cha pili na mlango umefungwa. Kuwatenganisha vijana mapema ndiko kunakoufunga mlango huo.

Halafu shahada ya pili ni ya wachache, mwalimu. Ada ya CFA inalipwa kwa dola. Aliyemaliza chuo huku mkopo wa HESLB ukiwa shingoni hatafika huko kwa miaka mingi.

Mchangiaji, Nairobi

Huku kwetu mjadala huu tulishaupitia. Chuo Kikuu cha Strathmore, kwa mfano, shahada ya uchumi wa fedha ililelewa kwenye taasisi ya hisabati, pamoja na aktuari, yaani hesabu za hatari kwa ajili ya bima na pensheni. Kijana akiingia anajua amekuja kufanya hesabu. Kwa hivyo mimi ningemuuliza mwenye chuo swali moja tu: kozi hii iko chini ya idara gani, na nani anaifundisha hesabu yake?

Mchambuzi wa mikopo, benki, Dar es Salaam

Niongeze kitu kutoka upande wa anayeajiri. Tunapowaita wahitimu kwenye usaili tunawapa karatasi na kikokotoo, maswali ya kueleza mafanikio yako yanakuja baadaye. Swali mojawapo linafanana na hili. Una hatifungani ya shilingi 1,000,000 iliyobakiza miaka mitano, inalipa riba ya asilimia 12 mara moja kwa mwaka. Riba ya soko imepanda hadi asilimia 14. Mteja anataka kuiuza leo. Utamwambia atapata ngapi, na utamweleza vipi?

Hesabu yenyewe ni fupi. Shilingi 120,000 za kila mwaka kwa miaka mitano, ukizirudisha kwenye thamani ya leo kwa asilimia 14, zinakupa kama 412,000. Ile milioni ya mwisho nayo ina thamani ya kama 519,000 leo. Jumla ni takribani 931,000. Mteja atapoteza karibu 69,000 akiuza sasa.

Waliosoma fedha wengi wanafika hapo. Tukiwauliza swali la pili, kwamba riba ya soko imepanda kwa nini na je, asubiri au auze, wanabaki kimya. Waliosoma uchumi wanaongea vizuri kuhusu mfumuko wa bei na nakisi ya bajeti, lakini karatasi ni nyeupe. Wanaojibu yote mawili ni wachache, na hao hatuwaachi watoke bila kuchukua namba zao. Cheti chao hakifanani: wengine uchumi, wengine hiyo ya pamoja, na nimeshakutana na wa takwimu na wa hisabati. Wanachofanana ni kwamba hesabu haiwatishi na gazeti wanasoma.

Mhasibu wa Arusha yuko sahihi kuhusu matangazo ya serikali. Ila benki, bima, mifuko ya hifadhi ya jamii, UTT AMIS inayosimamia mifuko ya uwekezaji wa pamoja, na madalali wa soko la hisa, kwa uzoefu wangu, wanatangaza kwa upana zaidi: "fedha, uchumi au fani inayofanana nazo."

Mhasibu, Arusha

Nimekuelewa ndugu yangu, na hilo la usaili ni la maana. Bado nasema: ni wangapi wanafika kwenye huo usaili wenu wa Dar? Wa Arusha na wa Kigoma wanategemea halmashauri, SACCOS na shule binafsi zinazotafuta mhasibu. Huko uhasibu unakula kwanza.

Mwanzisha mada

Kwa SACCOS na halmashauri, kaka, nakubali bila ubishi. Anayetaka kufanya kazi ya vitabu asome vitabu. Ila tusisahau kwamba wilaya hizo hizo ndiko mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa mno, inakowanyonya akina mama, na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ipo tangu 2018. Kuitekeleza kunahitaji watu wanaoweza kukaa na mkataba wa mkopo, wakaibadilisha riba ya wiki kuwa ya mwaka, na wakaieleza wizara madhara yake kwa uchumi wa wilaya nzima. Huyo mtu ndiye ninayemtaka atoke kwenye shahada hii. Bado hatujawa nao wa kutosha.

Sasa mama yangu wa Morogoro, uliuliza kwa lugha ya kawaida. Binti ana EGM nzuri, maana yake hesabu ya kidato cha sita ameifanya. Usimzuie. Ila kabla hajathibitisha chuo, mwambie atafute orodha ya masomo ya mwaka wa kwanza na wa pili. Aangalie kama kuna hisabati kwa wachumi katika mihula isiyopungua miwili, takwimu, kisha ekonometriki ambayo ni ya lazima. Upande wa fedha aangalie uthaminishaji wa hatifungani na hisa, na uchambuzi wa taarifa za fedha za kampuni, maana hapo ndipo atapata uhasibu anaouhitaji. Aulize pia kama mafunzo kwa vitendo yanafanyika kwenye taasisi ya fedha au popote tu atakapopokelewa.

Akikuta hesabu ni somo moja la muhula mmoja na yaliyobaki ni "kanuni za" hiki na "utangulizi wa" kile, achukue uchumi na takwimu, hata kama jina la fedha halimo. Orodha akiipata ailete hapa, mimi na mchambuzi wa benki tutaisoma naye mstari kwa mstari kabla dirisha la udahili halijafungwa.