UINGEREZA: Mwanangu ana ulemavu wa kujifunza, wamemnyima posho na kosa lake eti anasoma chuo!

Wakuu habari za muda huu. Nimetoka shifti ya usiku sijalala na usingizi wenyewe hauji, kwa hiyo acha niandike. Wale wa "unalalamika nini na wewe uko majuu" naombeni leo mpite kimya kimya, au msome mpaka chini ndo mtukane.

Nina kijana wangu wa miaka 19. Alichelewa kuongea, alichelewa kila kitu, shule ikampima ikaonekana ana shida ya kujifunza, akapewa ule mpango maalum wa elimu ambao kisheria hapa England unaweza kwenda mpaka miaka 25. Ukimuona huwezi kujua. Ni pande la mtu, ndevu zimeanza, mpole, anasalimia kila anayepita mpaka wazungu wanashangaa. Ila mpe noti ya pauni 20 akanunue mkate, atarudi na mkate, chenji hajui iko wapi. Mwaka jana kuna kijana alijifanya rafiki yake akamsainisha mkataba wa simu, simu akaondoka nayo yeye, bili zikaanza kuja kwangu. Yaani ni mtoto ndani ya mwili wa mtu mzima, na ulemavu usio na fimbo wala kiti cha magurudumu hapa utausotea mpaka ukome.

Mpaka anafika miaka 16 alikuwa kwenye posho ya ulemavu ya watoto, DLA, haikuwa na shida sana. Akishafika 16 wanakuandikia barua kwamba sasa ni mtu mzima aombe PIP, ile posho ya ulemavu ya watu wazima, mchakato unaanza upya kana kwamba ile shida aliiacha kwenye keki ya birthday. PIP kwa wasiojua haiangalii ugonjwa wako unaitwaje wala una kipato gani, inaangalia shughuli 12: kupika, kula, kuoga, kuvaa, kusoma, kuongea, kupanga hela, kukaa na watu, kusafiri na nyinginezo, kila moja ina pointi zake. Zina pande mbili, maisha ya kila siku na kusafiri, kila upande unahesabiwa peke yake: ukipata pointi 8 unapewa kiwango cha kawaida, 12 cha juu, chini ya 8 hupati hata senti. Fomu ni ndefu kama msiba na una mwezi mmoja kuirudisha. Niliijaza mimi maana wanaruhusu mzazi kuwa mwakilishi wake.

Sasa ile intavyuu ya simu. Tumekaa mezani simu iko spika, dada wa watu anauliza kwa sauti nzuri kabisa.

"Unaweza kutumia jiko?"
"Ndiyo."
"Unaweza kupanda basi mwenyewe?"
"Ndiyo."
"Unasoma?"
"Ndiyo, niko koleji." Na hapo anatabasamu, anajivuna, maana koleji ndo kitu anachojivunia kuliko vyote maishani mwake.

Mimi najaribu kuingia katikati, naambiwa mama tafadhali tungependa kumsikia yeye mwenyewe. Sawa. Huyu mtoto amefundishwa tangu chekechea kwamba ukiulizwa na mtu mzima kwa upole jibu ndiyo, leo ndiyo zake zinahesabiwa kama ushahidi. Hakuulizwa jiko anazima nani. Mimi nina sufuria hapa ambayo mkono wake umeyeyuka ukagandana na ubavu wa jiko, aliweka maji ya chai akaenda kuangalia katuni, nimetoka kuoga nakuta moshi jikoni. Hakuulizwa siku basi lilipobadilishiwa njia kwa sababu barabara inachimbwa alifanya nini. Alikaa tu kwenye kiti mpaka depo, dereva ndo akanipigia simu kwa namba niliyomshonea ndani ya koti.

Barua ikaja: pointi 4. Kupika 2, hela 2, kusafiri sifuri. Na sababu sasa, hii ndo ilinitoa machozi, wameandika kwamba "unahudhuria masomo koleji, hii inaonyesha uwezo wa kutosha wa kuelewa na kufuata maelekezo". Jamani! Hivi wanajua anasoma nini huko? Anafundishwa kuhesabu sarafu! Anafundishwa kupasha maharage ya kopo, kusoma saa, kuvuka barabara, kusoma namba ya basi. Kozi nzima ipo kwa sababu hawezi hayo mambo, halafu kuhudhuria hiyo kozi ndo inakuwa ushahidi kwamba anayaweza.

Na sheria yao wenyewe, kanuni ya 4 ya PIP, inasema mtu hahesabiwi kwamba anaweza jambo mpaka alifanye kwa usalama, kwa kiwango kinachokubalika, kwa kurudia kila inapohitajika, na kwa muda unaofaa. Vyote vinne. Kwenye barua hakuna hata kimoja walichokigusa. Tukaomba waangalie upya, maana bila hiyo hatua huwezi kwenda mbele, wakajibu uamuzi unabaki vile vile. DLA ikakatwa. Na mjue posho hizi zimeshikana: hiyo moja ikikatika inaondoka na ile nyongeza ya mtoto mlemavu kwenye Universal Credit ya mzazi (msaada wa serikali kwa wenye kipato kidogo), inaondoka na posho ya mlezi kama unaipata, nyumba nzima inayumba kwa barua moja.

Tukaenda mahakama ya rufaa ya mafao. Pale unakuta jaji, daktari, na mtu mwenye uzoefu wa mambo ya ulemavu. Yule daktari alifanya kitu kimoja tu, akamsogezea kijana sarafu mezani akamwambia nipe pauni moja na senti 35. Kijana akazitazama, akazikusanya zote kwa viganja viwili akampa. Zote. Chumba kilinyamaza. Tukatoka na pointi 10 za maisha ya kila siku na 10 za kusafiri, kiwango cha kawaida pande zote mbili, kwa mwaka wa fedha 2025/26 ilikuwa pauni 73.90 na 29.20 kwa wiki, na malimbikizo wakalipa. Nawaambia wenzangu mlioko huku, msiogope kwenda mbele ya jaji. Zaidi ya nusu ya kesi za PIP zinazosikilizwa pale mwombaji anashinda, sasa jiulize hao wa mwanzo walikuwa wanapima nini.

Nikasema afadhali, tumemaliza. Kumbe ile ilikuwa rasharasha.

Kijana alitimiza 19 mwaka 2025. Mtoto aliye shule unahesabiwa naye kwenye Universal Credit yako mpaka tarehe 31 Agosti baada ya kutimiza 19, baada ya hapo mfumo unamtoa kwako. Septemba nikafungua akaunti nikakuta pauni 339 za mtoto hazipo na ile nyongeza ya ulemavu ya 158.76 haipo. Karibu pauni 500 kwa mwezi zimekwenda. Iliyobaki ilikuwa child benefit, posho ya kawaida ya mtoto, 26.05 kwa wiki. Nikaambiwa usijali, sasa ni mtu mzima aombe Universal Credit yake mwenyewe. Tukaomba. Jibu: amekataliwa, kwa sababu anasoma.

Nisikilizeni vizuri hapa maana hata mimi ilibidi nieleweshwe na mshauri wa bure wa mambo ya mafao, tena kwa kuchorewa. Mwanafunzi wa kawaida haruhusiwi UC (hiyo Universal Credit), hiyo naielewa kabisa, wasome wakope. Mwenye ulemavu anaruhusiwa kwa masharti mawili: awe na PIP au DLA, NA awe ameshapimwa na kuamuliwa kwamba uwezo wake wa kufanya kazi una kikomo. PIP anayo. Ila hicho kipimo cha kazi eti lazima kiwe kimefanyika KABLA ya siku aliyoanza masomo. Kijana wangu amesoma mfululizo tangu ana miaka minne, sasa hiyo kabla ni lini? Chekechea?

Haikuwa hivi zamani. Kwenye ESA (posho ya wasioweza kazi kwa ugonjwa au ulemavu) ile ya zamani kabla ya UC, mwanafunzi mwenye DLA au PIP alihesabiwa moja kwa moja kwamba uwezo wake wa kazi una kikomo, basi, analipwa huku anasoma. Agosti 2020 wakabadili kanuni za UC ikawa lazima uwe umeshapimwa kwanza ndo uombe. Watu wakapata njia, wanaomba ESA mpya ya michango, wanajua hawatalipwa maana hawajawahi kuchangia, ila wanapimwa kupitia hiyo, kisha wanarudi UC na cheti mkononi. Desemba 15, 2021 hiyo njia nayo wakaiziba, ndo wakaweka hilo neno la kabla ya kuanza masomo. Mtu mzima na suti yake alikaa ofisini akafikiria hilo!

Sasa ushauri niliopewa, na mshauri mwenyewe alikuwa anaona aibu kuutamka: nimtoe kijana chuo. Akae nyumbani. Aombe UC kama asiyesoma, apeleke karatasi ya daktari, asubiri apimwe, akishapimwa ndo arudi chuo na atalipwa huku anasoma. Kijana yule yule, ulemavu ule ule, chuo kile kile. Tofauti ni kwamba kaacha shule kwanza. Na akiacha nafasi chuoni wanampa mwingine, ule mpango wake wa elimu halmashauri wanaweza kuufunga kwa sababu hayuko tena masomoni, na huyu mtoto ukimvurugia ratiba unaanza moja, hapo kujifunza kwenda chuo mwenyewe kwa basi moja tu imetuchukua karibu mwaka.

Kuna mama mmoja nasali naye, mwanae alikuwa darasa moja na wangu, aliacha chuo akakaa ndani na playstation. Kwa viwango vya 2025/26 alikuwa anapata pauni 316.98 kwa mwezi za msingi kwa aliye chini ya miaka 25, juu yake 423.27 ya asiyeweza kazi. Simuonei wivu, mtoto ni mlemavu anastahili kila senti. Ila mniambie, serikali ile ile inayotangaza kila siku kwenye TV kwamba vijana wengi hawako shuleni wala kazini, inamlipa anayekaa na inamnyima anayeamka saa kumi na mbili asubuhi kuwahi basi. Na Machi 2025 walileta pendekezo eti nyongeza ya afya ya UC, hiyo ya asiyeweza kazi, isitolewe kabisa mpaka mtu afike miaka 22. Ya kubana pointi za PIP walirudi nyuma Julai baada ya wabunge wao wenyewe kugoma, ila kupunguza nyongeza ya UC kumepita, kuanzia Aprili 2026 mwombaji mpya anapata karibu nusu ya hiyo niliyotaja, isipokuwa wenye hali nzito ya maisha yote. Kwa hiyo kila mwezi tunaochelewa unatugharimu.

Naona mtu ameshauliza kwa nini nisirudi nyumbani. Mkuu, nirudi na huyu kijana niende naye wapi? Bongo nako nawajua, shangazi zake wenyewe walishaniambia nimpeleke akaombewe. Tuache.

Na wewe uliyeuliza PM kama unaweza kuomba PIP kwa mwanao, angalia viza yenu kwanza. Ikiwa imeandikwa hamruhusiwi fedha za umma usiguse hiyo fomu, utaharibu makaratasi yenu. Na kama mmefika juzi, kwa mwenye miaka 16 na kuendelea kuna sharti la kuwa nchini wiki 104 ndani ya wiki 156 zilizopita.

Mlio na watoto wa 15, 16, 17 wenye shida kama ya wangu, msisubiri kama nilivyoachwa nisubiri bila kuambiwa na shule wala ofisi. Njia ya ESA wameiziba kwa aliyekwisha kuanza kozi, ila kozi ikiwa inaisha na nyingine inaanza Septemba, ombeni ile ESA ya michango mapema kwa ajili ya kupimwa tu, ili uamuzi utoke kabla kozi mpya haijaanza. Pesa hamtapata, mnatafuta kipimo. Kozi ya kijana wangu inaisha Juni, nataka nifanye hivyo kwa inayofuata.

Ila nimekwama kwa daktari. Wanataka karatasi ya kuthibitisha hawezi kazi, daktari wetu amenijibu kijana haumwi, ana afya njema, hiyo karatasi ni ya wagonjwa. Nikamwambia ulemavu hauna likizo daktari, akaniambia niweke miadi nyingine.

Aliyeshapita hapa na mtoto wa namna hii, daktari wako alikubali kuandika nini pale kwenye mstari wa ugonjwa? Na uliambatanisha ripoti ya shule au ile ya mwanasaikolojia? Nijibuni hapa hapa, PM zimejaa matusi.